Kofia ya Bwana Sahau

Kiegeani, Mafia
20 Mei 2024

Mwanangu Tasnim,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu habari niliyonayo ikitangulia salamu itakukata pumzi kama ilivyonikata mimi. Mume wangu Abubakari amefariki. Alikwenda msikitini alfajiri ya Alhamisi, tarehe mbili mwezi huu, akaanguka njiani. Walioniletea habari walisema ni moyo. Tumemzika siku ile ile.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyonitaka kule kliniki, vidole visilale. Simu ninayo, lakini vidole vyangu havina adabu juu ya kioo. Nikitafuta jina lako anapokea fundi baiskeli wa Kilindoni, na tumeshazoeana, ananiuliza hali. Kalamu angalau inanisikia. Barua hii ataivusha muuza nazi anayepanda boti.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba mwezi wa saba sitakuja kwako kliniki ya mazoezi. Niko eda, na hata nisingekuwa edani, miguu imenikimbia. Unakumbuka mwaka jana nilivyotembea mwenyewe kutoka getini kwenu, nawe ukasimama mlangoni ukicheka peke yako? Mimi yule, Mize wa mwaka jana, sipo tena. Tangu msiba, nikisimama magoti yanatetemeka kama ya mwanambuzi aliyezaliwa leo, na uani siendi mpaka nishikwe. Naona huu ugonjwa wa mishipa ya fahamu, MS, ulikuwa ukimwogopa Abubakari. Sasa ameondoka, umekuja kuchukua kilichobaki.

Sikai peke yangu. Wifi yangu Mwanamkuu, dada yake marehemu, amekuja kukaa nami mpaka eda iishe. Mungu amlipe, haniachi nishike hata mwiko. Ananiogesha, maji ya kunywa ananiletea kitandani. Na shemeji yangu Shamte, mdogo wake marehemu, ameniandalia chumba kwake Baleni. Siku ya kutoka eda atakuja na gari anichukue, na nyumba hii atapewa mpangaji. Ameshaanza kuitengeneza.

Sitaki kwenda, mwanangu. Ukuta wa chumba hiki una alama ya mafuta pale marehemu alipokuwa akiegemeza kichwa. Lakini mtu asiyeweza kusimama ana neno gani?

Marehemu alikuwa msahaulifu. Kijijini walimwita Bwana Sahau. Hakuna siku aliyotoka akakumbuka kofia yake. Atafika kwenye minazi, ndipo aite, "Mize! Nimesahau kofia!" Nami nanung'unika, naitoa msumarini, nampelekea. Alhamisi ile nilisikia akitoka, nikaona kofia iko msumarini. Nikaitoa, nikasimama nayo mlangoni nikingoja aite.

Hakuita.

Mimi mama yako,
Mize


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Bi Mize, shikamoo.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Niliifungua barua yako kwenye chumba cha mazoezi, mgonjwa akiwa mkekani ananingoja. Nilimwomba radhi nikaenda kunawa uso.

Nisamehe kwamba katikati ya pole nakuuliza maswali ya kazi. Kabla ya msiba nani alikuwa akiteka maji hapo nyumbani? Nani alikuwa akikuna nazi? Na sasa ni nani?

Ukipata ganzi mpya, au macho yakaona kitu kimoja kuwa viwili, nenda hospitali usiningoje mimi. Lakini kwa ulivyoniandikia, sidhani kama ni ugonjwa peke yake uliokuangusha. Zamani hata watu wa hospitali waliwaambia wenye MS wapumzike, wakihofia uchovu utawamaliza. Leo tunajua kwamba kukaa tu nako kunamaliza. Mazoezi hayaufukuzi ugonjwa huu, sitakudanganya. Yanaipa miguu nguvu, yanapunguza kuyumba, na jambo ambalo hunishangaza kila mwaka, yanapunguza hata ule uchovu wenyewe. Mtu anachoka, anajisogeza, uchovu unarudi nyuma.

Anza na moja tu. Asubuhi, jua halijapanda, jitande khanga yenye maji baridi mabegani, maana joto linazidhoofisha hizo njia za fahamu zilizochubuka. Kisha kaa kitini, inuka bila kuvutwa, kaa tena. Bi Mwanamkuu asimame karibu bila kukugusa. Ukichoka, acha.

Na tafadhali, mwambieni Bwana Shamte asiiguse ile kamba inayotoka mlangoni kwenda kisimani.

Binti yako,
Tasnim


Kiegeani
21 Juni 2024

Mwanangu Tasnim,

Marahaba. Dua zako zimefika, na maswali yako pia. Maji nilikuwa nikiteka mimi, nazi nilikuwa nikikuna mimi. Sasa yote anafanya Mwanamkuu. Nimekujibu. Nawe nijibu langu: nani alikwambia habari ya kamba?

Sijawahi kukutajia kamba. Ile kamba marehemu aliifunga mwenyewe, nene, ya kufungia vyombo vya baharini, kutoka mwimo wa mlango hadi mnazini, mnazini hadi jikoni, jikoni hadi kisimani, na kila msimu aliiongeza mpaka ikafika kwenye chanja tunapoanika mwani. Alisema ni ya kuanikia. Ukianika nguo, anaanua. "Itaoza, Mize." Kamba gani ya kuanikia isiyoanikwa kitu? Tuligombana sana kwa kamba ile. Na kwa jiwe la kizingiti pia, refu, kila ukipita lazima uinue mguu. "Nitaling'oa Ijumaa," alisema. Ijumaa zimepita hata sikumbuki.

Niliposoma zoezi lako kwa sauti, Mwanamkuu aliweka chini ungo.

"Kizuka gani huyu, mjane wa eda, anayeinuka na kuchuchumaa? Watu watakuja kutoa pole wakukute kwenye mchakamchaka! Watasema udongo wa mume haujakauka, mwenzetu anajinyoosha kwa ajili ya mwingine."

"Nani atayataka magoti haya, wifi?"

"Wanaume hawatazami magoti," alisema.

Kisha akafikiri, na Mwanamkuu akifikiri jihadhari. Akasema binti wa Dar es Salaam hawezi kujua mambo ya uani kwetu bila kuambiwa na mwenye ua, yaani marehemu, na mwenye ua kupigiana simu na binti wa Dar es Salaam ni jambo la kutazamwa vizuri. Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Marehemu alikuwa hana meno mawili ya mbele, mwanangu. Lakini baada ya kucheka nilikaa nikawaza.

Shamte alikuja akaling'oa jiwe. Kamba ataikunja mwezi ujao. Juzi, Mwanamkuu akiwa jikoni, nilijaribu kuinuka peke yangu bila khanga ya maji, mchana, kwa ubishi tu. Nilianguka kati ya kitanda na ukuta. Mwanamkuu alilia kuliko mimi. Ameapa sishuki tena kitandani mpaka gari la Shamte lifike.

Niambie habari ya kamba.

Mize


Dar es Salaam
2 Julai 2024

Bi Mize, shikamoo.

Bi Mwanamkuu amepatia nusu. Marehemu alikuwa na namba yangu.

Unakumbuka ulipokuja mara ya kwanza? Nilikupa karatasi yenye picha za mazoezi. Ukanitazama, ukasema wewe si mtoto wa shule wa kuchezeshwa, umekuja kutafuta dawa. Karatasi ukaifungia karanga. Nilijua hutafanya hata moja.

Mlipokwisha kutoka, marehemu akarudi peke yake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema, "Binti, huyu mke wangu ukimwambia cheza, hachezi. Lakini akijua kuna kazi, hata awe na homa atainuka aimalize. Basi niambie mimi. Mguu upi uinuliwe, mkono upi unyooshwe, aende wapi arudi wapi. Kazi nitaitafuta mimi."

Nikamweleza, naye akarudia kila neno kwa sauti. Nilipomwambia kwamba ugonjwa unakula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu, akasema, "Kama kamba ya mwani inayosuguliwa na mwamba." Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na kamba ikichubuka tunaitupa?" Nikamwambia la. Akasema basi ameelewa.

Akawa ananipigia, akinong'ona kama mwizi, nadhani kutoka nyuma ya kisima. "Sasa anashika ukuta akipita. Nifanyeje?" Nikamwambia mgonjwa apate kitu cha kushika, njia iwe ndefu kidogo kidogo. Baada ya wiki akaniambia amefunga kamba. Nikamwambia kwamba mgonjwa ajifunze kuinua mguu. Akasema, "Jiwe lipo, nilitaka kuling'oa, sasa silitoi." Siku moja nilimwambia kwamba mgonjwa anahitaji sababu ya kutembea mara kwa mara kwa siku, na si safari moja ndefu. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi mimi nitakuwa mtu wa kusahau."

Nilimuuliza kwa nini asikwambie. Akasema ukijua ni tiba utaanza kujitazama miguu, na ukijitazama utaanguka. Alisema hata yeye hakutazami. Akikungoja anaangalia juu, minazini, kama mtu anayehesabu nazi.

Aliniomba nisikwambie, nami nilikubali. Sasa mwenye siri ameondoka, na gari linakuja, na kamba inataka kukunjwa. Naona akinisikia huko aliko atasema, "Mwambie, binti."

Mwaka jana, ulipotembea kutoka getini, sikucheka peke yangu. Yeye alikuwa nyuma yako, mbali, ameegemea mwarobaini, anaangalia juu. Mwarobaini hauna nazi, Bi Mize.

Tasnim


Kiegeani
22 Julai 2024

Mwanangu Tasnim,

Barua yako niliisoma, kisha nikamwomba Mwanamkuu anisomee kwa sauti, maana nilitaka kuyasikia maneno yale kutoka mdomoni mwa mtu wa damu yake. Alipofika pale pa kusahau alishindwa. Akaikunja, akaniambia, "Abubakari? Alipokuwa mdogo alijua kila kuku wa mtaani na mwenyewe. Nikajiuliza, ndugu yangu kimempata nini? Nikasema ni uzee." Akatoka uani. Nilimsikia anaipapasa kamba.

Sijui nikwambie nini. Nimelala nikitazama dari, na nyumba nzima inanifunukia kama mtu anayevua ushungi. Kifumbu cha kuchujia tui alikuwa akikitundika ukuta wa pili, mbali na mbuzi ninayokalia kukuna nazi, nami nikiinuka kukifuata nilikuwa namwita mzembe. Khanga yangu alikuwa akiichovya majini anaitundika mlangoni haijakamuliwa, inachuruzika, ninapita inanilowesha mabega, namgombeza. "Hata kukamua umesahau!" Anasema, "Nimesahau." Nikichelewa na kofia alikuwa anapiga mluzi, wimbo mmoja tu, nami miguu ikawa inaufuata bila kuombwa.

Kijiji kizima kilimcheka. Watoto walimpigia kelele njiani, "Bwana Sahau, umekumbuka kuvaa?" Naye anacheka, na lile pengo lake. Aliubeba ujinga usio wake mwaka hata mwaka, ili mimi niinue mguu. Subhanallah. Nimeishi na mtu huyu, nimekula naye sahani moja, na sikumjua ukubwa wake mpaka alipokuwa chini ya udongo.

Nimewaza pia Alhamisi ile. Nadhani siku ile, siku hiyo moja, alisahau kweli.

Sasa nikupe habari za hapa. Kwanza, Shamte alikuja na kisu cha kukatia kamba. Mwanamkuu alisimama mbele ya mnazi. Akamwambia, "Ukiikata utakuwa umemzika kaka yako mara mbili." Akamsomea barua yako, wamesimama hapo hapo. Shamte alikiweka kisu chini. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalirudisha jiwe mahali pake, amelikumbatia kama anapakata mtoto. Lakini kuhusu Baleni hajabadilika. "Kamba ibaki kwa heshima," alisema. "Ila shemeji, mtu hakai nyumba peke yake kwa kushika kamba. Nikuone umekwenda pwani kwa miguu yako siku ya kutoka eda, nitanyamaza." Alisema hivyo akijua haiwezekani.

Pili, Mwanamkuu amekuwa Bibi Sahau. Ila hajui kuigiza. Ananionyesha mkebe wa chumvi ulipo, "Umeuona? Upo pale," kisha anakwenda jikoni anapiga ukelele, "Ooo! Mimi nimesahau chumvi!" Jirani akajibu juu ya ua, "Njoo uchukue kwangu!" Mwanamkuu akamwambia, "Nyamaza, hii ni hospitali."

Tumeanza kitini, na khanga ya maji, alfajiri. Siku za kwanza niliinuka nikarudi chini kama gunia. Juzi nilifika mlangoni. Leo nimevuka jiwe. Mguu wa kulia ulikwama hewani, ukafikiri, kisha ukapita. Nikasimama upande wa pili nimeishika kamba, nikaitazama mikono yangu. Kamba imechakaa pale pale ninaposhika, usawa wa kiwiko changu, mwanangu. Ameifunga kwa kimo changu.

Mize


Dar es Salaam
9 Agosti 2024

Bi Mize, shikamoo.

Barua yako nimewasomea wagonjwa wangu, nisamehe. Mmoja alikuwa haongei tangu aje. Amesema, "Na mimi nataka mtu anisahaulie kofia."

Naomba usilifanye jambo hili shindano na Bwana Shamte. Ugonjwa huu una siku zake. Kuna asubuhi utaamka miguu haipo, na hutakuwa umekosea kitu. Siku hiyo pumzika, kesho anza chini tena. Ongeza njia kidogo, kaa njiani, acha kabla hujatetemeka. Usitoke jua likiwa limewaka.

Kutoka kwenye chanja hadi majini ni mbali? Marehemu aliniambia kamba ingefika huko msimu huu.

Tasnim


Kiegeani
11 Septemba 2024

Mwanangu Tasnim,

Kaa chini ndipo usome.

Kutoka kwenye chanja hadi majini ni mchanga mtupu. Hakuna mti, hakuna ukuta. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha, na sikukuandikia kwa sababu hukuwa na la kufanya. Kwenye kamba nilikuwa nafika chanjani, napumzika, narudi. Ila kulikuwa na zile asubuhi ulizosema, miguu haipo. Moja ilinijia zikiwa zimebaki siku chache. Nikasema basi, ni Baleni.

Huku kwetu kizuka akimaliza eda wanawake humchukua alfajiri, kabla watu hawajatembea, wakamwogeshe baharini, aache huko nguo za huzuni. Jumapili walikuja. Wengi ni wenzangu wa mwani, kazi yao kupigilia vigingi na kufunga kamba, na hawakuhitaji kuelezwa. Nilipofika mlangoni nikaona jioni iliyotangulia wamepigilia vigingi kutoka kwenye chanja moja kwa moja hadi majini, na kamba zao za mwani wamezisokota pamoja zikawa nene. Walizifunga kwa kimo changu. Mwanamkuu aliwapimia kwa khanga yangu.

Shamte alikuwa ameegesha gari njiani, mlango wazi.

Nilikuwa na khanga mbichi mabegani. Kofia ya marehemu nilikuwa nimeitoa msumarini, nimeishika mkono wa kushoto. Nikavuka jiwe. Kisha nikajikumbuka, nikaona watu wote wale, na magoti yakaanza. Nikasema moyoni, wananitazama, nitaanguka.

Nikainua macho. Tasnim, hakuna aliyenitazama. Mwanamkuu ameegemea mnazi, shingo nyuma, anaangalia juu. Na wale wanawake, wote, vizee na wasichana, wamesimama pembeni ya njia, vichwa juu, wanaangalia nazi. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaanza kupiga mluzi ule wimbo, vibaya, kisha wengine.

Nikatembea.

Siwezi kukueleza vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa unaburutika, ukaandika mstari mchangani nyuma yangu, lakini ulikuja. Nikafika jikoni, kisimani, chanjani. Nilikaa kwenye gogo, nikanywa maji, na wao wakaendelea kuangalia juu, ingawa pale hapakuwa na mnazi tena, ni mbingu tu, inaanza kupauka. Kisha nikashika kamba mpya. Bahari ilikuwa imejaa, ilikuwa imesogea kunipokea. Maji yaliponifika kifuani, baridi, miguu ikawa myepesi kama ya mtu mwingine, nikasimama bila kushika kitu. Nimesoma darasa la saba tu, sina neno la kitu kile. Niliona mwili huu ninaoulaumu kila siku ni kazi ya mikono mingi. Ya Mungu kwanza. Kisha ya mtu mmoja asiye na meno mawili.

Tulipotoka majini nilimwona Shamte. Alikuwa ameshuka kwenye gari, kavua viatu, amesimama mwanzo wa mchanga, naye anaangalia juu. Machozi yalikuwa yakimwingia masikioni.

"Shemeji," alisema, bila kuteremsha kichwa, "nani atakuletea kuni?"

"Mwanamkuu anabaki," nikamwambia.

"Nabaki," Mwanamkuu akasema, "mpaka nijue kuigiza."

Shamte akaenda akafunga mlango wa gari, na Baleni hakuitaja tena.

Kurudi nilishikwa mikono huku na huku, na nyumbani nililala mpaka alasiri, mifupa inalia. Nakwambia ukweli usije ukadhani nimepona. Nilipoamka nikatazama msumarini. Hapakuwa na kitu. Kofia niliitundika kwenye kigingi cha mwisho nikiingia majini, nikaisahau. Mimi!

Mwanamkuu alishika mtandio atoke mbio kuifuata. Nikamwambia, "Kaa, wifi."

Jumatatu sikuweza. Jana alfajiri, khanga ikiwa mbichi, niliifuata. Ilikuwa palepale, ina umande na chumvi. Niliileta nyumbani polepole nikaitundika.

Leo nimekwenda nayo tena, na nimeiacha kule mpaka kesho.

Mama yako,
Mize